Meza ya Saa Nane

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Frankline ni kalamu. Alikuwa nazo tatu, zimepangwa kwenye mfuko wa shati kama za mwalimu mkuu. Siku mlinzi alipomwambia atie sahihi ya maji aliyoyaleta, alizijaribu zote tatu, moja baada ya nyingine, akizipulizia na kuzitikisa, kisha akaazima ya mlinzi. Ile ya mlinzi hakuirudisha. Ikawa ya nne, na katika nne hizo ndiyo pekee iliyoandika.

Kazi yake halali ilikuwa kusambaza maji ya kunywa. Kafili wake, bwana aliyemdhamini kibali cha kazi, alikuwa na duka la magaloni Al-Suwaidi, na Frankline alikuwa akizunguka na gari jeupe la mizigo kutoka ofisi hadi ofisi, Olaya na Sulimaniyah, mitaa ya Riyadh, akipanda ghorofa na galoni begani na maneno mdomoni. Mwarabu alisalimiwa kwa Kiarabu, Mhindi kwa Kihindi, na Mkenya kwa kuulizwa habari za nyumbani kana kwamba Frankline ametoka huko asubuhi hiyohiyo.

Kazi yangu ilikuwa chai, ghorofa ya tisa. Ofisi nzima iliniita dada wa chai. Hakuna aliyeuliza zaidi ya hapo, nami si mtu wa kumfuata mtu na habari zangu. Mtu asiyesema, watu humfanya kama kabati. Husimama mbele yake wakasema yote yaliyo moyoni, kisha wakaondoka wakiamini walikuwa peke yao. Ndiyo sababu ninaweza kuisimulia habari hii tangu mwanzo hadi mwisho. Frankline aliipanga yote mbele ya kabati.

Ilianza Jumatatu moja mchana. Salem, mlinzi wetu, mtu wa Unguja, aliingia jikoni na simu mkononi, huku nyuma yake wakija Rita, nesi wa zahanati ya chini, na Josphat, fundi wa kompyuta anayejua kila kitu. Kwenye simu kulikuwa na filamu ya dakika nne, nyeusi na nyeupe, inayorukaruka kama imeliwa na panya. Mtangazaji mwenye ndevu za mashavuni alisimama kwenye meza ndefu. Wanawake watatu walikuwa wamekaa nyuma ya meza, na kila mmoja alikuwa ameweka kitu mbele yake.

"Huyu wa kati kaweka saa ya mumewe!" Salem alisema akicheka. "Tena mume mwenyewe yuko kazini, hana habari."

"Na huyu ameweka suti," alisema Rita. "Suti ya harusi, jameni! Mzee akialikwa mahali atavaa nini?"

"Ndiyo maana kipindi kilifungwa. Bibi yangu alitusimulia. Meza ya Saa Nane, kiliitwa hivyo. Wiki tatu tu. Saa nane mchana waume wako makazini, wake wako majumbani. Unaweka kitu chako, unaulizwa maswali, ukishinda unabeba vya wenzako. Mwanamume akirudi jioni anauliza redio iko wapi, anaambiwa nenda kwa jirani ukaisikilize."

Kipindi hicho kilirushwa kutoka wapi, hakuna aliyejua. Wengine walisema Mombasa, wengine Dar, na Salem alishikilia Unguja kama anavyoshikilia kila kitu kizuri. Mwisho wa filamu mwanamke mwenye buibui na miwani mikubwa alishinda meza nzima. Alifungua mdomo kucheka, na papo hapo picha ikakatika.

"Ningekuwa mimi hapo," alisema Josphat, "ningebeba hiyo meza na miguu yake. Maswali ya watoto hayo."

Frankline alikuwa ameingia na galoni bila mtu kumwona. Macho yake hayakuangalia simu. Yaliwaangalia waliokuwa wakiangalia simu.

"Brathe," alimwuliza Josphat kwa sauti ya upole sana, "na wewe ungeweka nini?"

Josphat hakuuliza angeshinda nini. Alinyoosha mkono, akavuta shati, akaonyesha saa yake. "Hii."

"Mimi bangili yangu," alisema Rita.

"Mie simu," alisema Salem. "Mpya. Bado ina karatasi yake."

Frankline alilitua galoni chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Binadamu ni kiumbe wa ajabu. Mwombe saa yake, atakuita mwizi. Mwambie aiweke mezani ili achukue ya mwenzake, ataivua kabla hujamaliza kusema.

Walipoondoka alibaki kuweka galoni kwenye mashine, akazungumza nami, au tuseme alizungumza na birika. "Umeona hiyo, sistee? Hawa watu wameshatapeliwa na kila mtu. Maajenti, watu wa visa, watu wa viwanja. Ukiwaomba hata riyali moja wanakimbia. Lakini ukiwaambia hakuna kiingilio, wanakuletea wenyewe." Akacheka peke yake. "Wanakuletea mpaka mlangoni."

Kufikia Alhamisi hakuwa tena mleta maji. Alikuwa Mratibu Mkuu wa Meza ya Saa Nane, Kanda ya Ghuba, na alikuwa na mhuri. Aliingia kwenye kila kundi la simu la Waswahili wa Riyadh na kutangaza kwamba kile kipindi cha zamani kinarudi, kwa ajili ya ndugu walio ughaibuni, na kitaonyeshwa nyumbani nchi tatu. Hakuna kiingilio. Hakuna fomu. Njoo na kitu unachokipenda.

Watu walimwona malaika. Kwa miaka yote waliyokaa ugenini walikuwa wamejenga ukuta dhidi ya anayeomba hela. Dhidi ya asiyeomba hela hawakuwa na hata kamba ya nguo.

Ili picha ikamilike, Frankline alitaka bingwa. Alituma ile filamu kwenye kundi la Jeddah na kuuliza kama kuna anayemjua yule mama mwenye buibui na miwani. Baada ya saa moja sauti ya mwanamke mtu mzima ilijibu, sauti nzito yenye raha:

"Huyo ni mie. Naitwa Mwanakhamis. Niko Jeddah tangu zamani. Kwani mwanitakia nini?"

Frankline aliisikiliza sauti ile jikoni kwangu mara tatu, akapiga busu kwenye simu. Bi Mwanakhamis alikuwa mjane, wa familia iliyohamia huko miaka ya sitini, mwenye watoto wenye maduka, na mwanawe mmoja alikuwa na istiraha, nyumba ya mapumziko yenye ukumbi, ua na jiko. Akasema ataitoa bure. Akasema na pilau juu yake.

"Jeddah, basi," Frankline aliliambia birika. "Basi litoke Riyadh Alhamisi usiku. Ijumaa Waislamu wafanye Umra, Wakristo waone bahari. Jumamosi saa nane, meza. Alasiri ikiadhiniwa, Waislamu wote wanaenda kuswali, Wakristo wanaenda kula, na ukumbi unabaki na nani?" Alijinyooshea kidole kifuani. "Gari langu la maji nalirudisha nyuma mpaka mlango wa jikoni. Dakika kumi. Halas."

Salem aliposikia safari imeunganishwa na Umra alitikisa kichwa kwa heshima. "Frankline ni Mkristo," alisema, "lakini ana imani kutushinda wengine."

Sasa nifike kwenye cherehani, maana kwangu habari yote hii ni ya cherehani.

Niliinunua mwaka wangu wa pili Riyadh. Ni ya umeme, nyeupe, na inashona hata vifungo. Kila Ijumaa niliwashonea wanawake wa bweni letu madera na magauni ya kanisani, na mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi mitatu. Nilikuwa nimeshajua nitaiweka dirisha gani nyumbani na kibao kitaandikwa nini. Kwa cherehani ile nisingepiga deki sakafu ya mtu mwingine tena. Bila hiyo ningesaini miaka miwili mingine.

"Watu hawaweki kitu kwenye meza tupu," Frankline aliniambia siku moja. "Lazima kuwe na cha kwanza. Kitu kikubwa, kinachoonekana. Nasikia una cherehani."

Nilifungua mdomo.

"Na wewe mwenyewe utakuwa msaidizi wangu. Utasimama mbele, kwenye taa, na gauni lako. Nyumbani wote watakuona. Sawa?"

Mdomo ulikuwa bado wazi. Neno nililolitaka ni fupi, hata mtoto analisema. Lakini mimi huchukua muda kulipata, na Frankline hakuwa mtu wa kusubiri. Kabla halijafika, Salem alikuwa ameshaibeba cherehani mpaka kwenye gari jeupe, akinipongeza.

Nilijua. Nisijifanye sikujua. Nilikuwa nimesikia habari ya mlango wa jikoni. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho nikajiambia nitasema Jeddah.

*

Jumamosi, saa nane kasorobo, ukumbi wa istiraha ulikuwa umejaa watu kama sitini. Wanaume waliotoka Umra walikuwa wamekaa safu za mbele na vipara vyao vipya vikimeremeta chini ya taa. Kamera zilikuwa mbili. Moja ilikuwa simu ya Frankline juu ya kijiti, na nyingine kamera kubwa ya mpiga picha za harusi, isiyo na betri, iliyoogopwa na kila mtu aliyepita mbele yake.

Meza ilipambwa kwa kitambaa chekundu. Katikati ilikaa cherehani yangu, na maneno ya Frankline kuhusu meza tupu yalikuwa ya kweli, kwa sababu baada yake vitu vilikuja kama kuku wakiona mtama. Saa ya Josphat. Bangili ya Rita. Simu ya Salem na karatasi yake. Udi ndani ya kasha la fedha. Kompyuta, seti ya vikombe vya dhahabu, mkufu, hereni. Jumla vitu kumi na vinne, na mimi nilivipanga kwa mikono yangu, na kila nilipogusa cherehani niliiomba msamaha.

Bi Mwanakhamis aliketi kiti cha bingwa. Alikuwa mama mnene, mwenye miwani, na alikula tambuu polepole huku akimwangalia kila mtu kama anayepima kitambaa.

"Bibi," Salem alimwuliza, "ni kweli uliwahi kubeba meza nzima?"

"Na kitambaa chake," alisema Bi Mwanakhamis.

Frankline alikuwa mtamu siku hiyo, lazima niseme. Alivaa suti ya kijivu. Alisalimia nchi tatu. Aliuliza maswali ya nyumbani: maziwa yakimwagika kwenye moto unafanya nini kwanza, kitanda cha kamba kina miguu mingapi ukikikopesha jirani mkorofi. Watu walicheka hadi machozi. Josphat alikosa swali la kwanza, akakata rufaa. Akakosa la pili, akasema taa zinamchoma macho.

"Buda, hata hujaulizwa la tatu," Frankline alimwambia.

"Nakata rufaa mapema," alisema Josphat.

Saa tisa na nusu na kitu, adhana ya Alasiri ikasikika. Frankline alinyamaza kwa adabu kubwa mpaka ikaisha. Kisha akainua mikono yote miwili.

"Ndugu zangu, hapa tunaheshimu dini. Tuna mapumziko. Waislamu wakaswali bila haraka. Wakristo, pilau iko uani. Meza tutailinda mimi na dada hapa."

Bi Mwanakhamis akainuka, na wenyeji wa Jeddah wakainuka naye, watu kama kumi. Rita na Josphat na Wakenya wengine wakatoka uani. Viatu vikaburuzika, mlango ukafungwa. Frankline akageuka huku akifungua kifungo cha koti ili akimbie vizuri.

Safu za mbele zilikuwa zimejaa. Vipara zaidi ya ishirini vilikuwa vimekaa palepale, vikimwangalia.

"Ndugu," alisema Frankline, "Alasiri imeadhiniwa."

"Tumeisikia," alisema Salem.

"Hamwendi?"

"Sisi tumeshaswali."

"Mmeswali saa ngapi? Si ndiyo kwanza imeadhiniwa?"

"Sisi wasafiri, bwana," Salem alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha ndugu. "Msafiri ana ruhusa. Tuliikusanya na Adhuhuri tangu saa saba, tukazipunguza, tukamaliza. Wewe usijali, endelea na kazi zako. Sisi tutakutazama."

Frankline aliutupia jicho mlango wa jikoni. Alikuwa amehesabu kila kitu. Alikuwa amehesabu dakika, na hatua za kutoka mezani hadi garini. Lakini ni yeye mwenyewe aliyewatoa watu hawa Riyadh, kilomita karibu elfu moja, akawafanya wasafiri, na hakujua kwamba msafiri ana saa zake.

"Basi pilau!" alisema. "Pilau ni ya wote!"

"Twaisubiri iletwe," alisema mzee mmoja wa safu ya mbele. "Miguu inauma, tumezunguka jana."

"Na Magharibi je?" Frankline aliuliza, sauti ikiwa nyembamba kidogo.

"Magharibi tunaikusanya na Isha," alisema Salem. "Usiwe na wasiwasi. Hatuondoki hapa."

Kwa robo saa Frankline alizunguka meza ile kama fisi aliyefungiwa na nyama kwenye chumba chenye madirisha ya vioo. Alirekebisha kitambaa. Alipangusa vumbi lisilokuwepo. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni, ukishikashika ufunguo wa gari.

Mlango ukafunguka, Bi Mwanakhamis akarudi. Alikuwa ametokea upande wa jikoni. Alitembea polepole hadi kwenye kiti chake, lakini hakuketi.

"Haya," alisema. "Sasa zamu ya mtangazaji."

"Zamu ya nini, mama?"

"Kwani hukijui kipindi chako? Baada ya mapumziko mtangazaji huketi kitini, naye huweka kitu. Bingwa ndiye anayeuliza."

"Hiyo haikuwemo, mama yangu."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini..."

"Mie nilikuwepo."

Vipara vikageuka, vikamwangalia bingwa, vikarudi kumwangalia mratibu. Wakristo walikuwa wameanza kuingia na sahani zao. "Kanuni ni kanuni," alisema Josphat, mdomo umejaa wali. "Wewe ndiye ulisema kila kitu kitakuwa kama zamani."

Frankline akacheka, akatoa chaja ya simu, akaiweka mezani.

"Kitu unachokipenda," alisema Bi Mwanakhamis. "Huo ufunguo unaoubembeleza mfukoni waonekana waupenda sana."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Frankline aliutazama mlango, akautazama ukumbi, akauweka ufunguo. Mlio wake juu ya meza ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia.

"Swali ni moja," alisema Bi Mwanakhamis. "Hapa pana vitu kumi na vinne vya watu. Nitajie kila kitu na mwenyewe. Ukiwataja wote, meza yote yako, halali, na mie nitakusaidia kupakia. Ukimkosa hata mmoja, kila mtu achukua chake, na ufunguo huo wangu."

"Hiyo ni fea!" alipiga kelele Josphat, ambaye saa yake ilikuwa mezani.

Hapo ndipo Bi Mwanakhamis alipokosea, na mimi niliona kabla yake. Alidhani mwizi anajua bei tu. Hakujua kwamba Frankline aliishi kwa majina ya watu kama wengine wanavyoishi kwa ugali. Uso wake uling'aa. Mgongo ulinyooka. Alikuwa amekuja kuiba meza, na sasa alikuwa anapewa mbele ya mashahidi sitini.

"Saa ni ya Josphat, aliyejinunulia siku alipopandishwa cheo. Bangili ni ya sista Rita, mamake alimpa alipofuzu unesi. Simu, Salem, na ile karatasi anaitunza ili binti yake aitoe mwenyewe."

"Wallahi kweli," alisema Salem, amefurahi.

"Udi ni wa Mama Amal. Mkufu ni wa Wambui wa Sulimaniyah, ambaye mume wake hajui, na hatutamwambia."

Watu walicheka. Alikwenda hivyo, kitu kwa kitu, na kila jina aliliongezea tone la asali. Wenye vitu walitabasamu walipotajwa. Walimpigia makofi mtu aliyekuwa anawamaliza mmoja mmoja. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Bi Mwanakhamis aliacha kutafuna tambuu yake. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

"Na cherehani?" aliuliza, na sauti yake haikuwa na raha tena.

Frankline alinigeukia. Alitabasamu, tabasamu zuri la mtu aliyekwishafika.

"Cherehani," alisema, "ni ya Jepkoech."

Watu wakaangaliana.

"Jepkoech ndiye nani?" aliuliza Rita.

"Huyu hapa. Dada wa chai."

Salem alikuna kipara chake. Alikuwa amekunywa chai yangu miaka mitatu. Bi Mwanakhamis alinikaribia, akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu, ni kweli? Ndiwe Jepkoech?"

Watu sitini waliniangalia, na kamera isiyo na betri pia. Niliitazama cherehani.

Nikatikisa kichwa.

"Basi waitwa nani?"

"Valary," nilisema.

Ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Ukumbi ulilipuka. Vipara vilisimama, Josphat alikata rufaa bila sababu, mama mmoja akapiga kigelegele. Kila mtu alirukia kitu chake.

"Anadanganya!" Frankline alipiga kelele. "Mwambieni aonyeshe ikama! Ikama yake iko kwenye mkoba, mwambieni aitoe!"

Hilo lilikuwa kosa lake la pili siku hiyo, na kubwa kuliko la kwanza. Kelele zilikatika kama umeme. Katika ukumbi ule hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kusimamishwa barabarani akitetemeka, akipapasa mifuko kutafuta kile kikadi cha ukaazi. Hapakuwa na neno lililochukiwa zaidi.

"Ikama?" alisema Bi Mwanakhamis taratibu. "Wewe ni askari? Mgeni wangu, ndani ya nyumba ya mwanangu, uombe ikama yake?"

"Aibu, brathe," alisema Josphat. "Hiyo ni aibu."

"Umeshindwa, kubali kushindwa," alisema Salem. Na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Frankline alifungua mdomo na neno likachelewa kufika.

*

Jioni nilimsaidia Bi Mwanakhamis kuosha sufuria.

"Nilipokwenda kutia udhu," aliniambia, "nikaona gari limegeuziwa kisogo mlangoni, limetandikwa mablanketi kama ndani analazwa mzazi. Nikasema huyu hapakii pilau." Alisugua sufuria, akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika. "Na hiyo zamu ya mtangazaji nimeitunga palepale, mwanangu. Mie televisheni sijaingia hata siku moja. Miaka hiyo nilikuwa hapahapa Jeddah nalea. Lakini yule mwenye miwani alinipendeza, nikaona si mbaya kuwa yeye. Usimwambie mtu, Valari."

Gari jeupe lilirudi Riyadh likiendeshwa na Salem, cherehani yangu imefungwa vizuri ndani ya yale mablanketi. Ufunguo alikabidhiwa kafili wa Al-Suwaidi, pamoja na salamu za heshima za Bi Mwanakhamis na nasaha kidogo kuhusu madereva. Frankline alirudi kwa basi, safari ya saa kumi na moja, ameketi kando ya Josphat, aliyemwuliza kila baada ya kituo kipindi kitaonyeshwa lini na kama rufaa yake itakatwa kwenye picha. Wengi bado wanasubiri kukiona.

Alikuja jikoni kwangu mara moja tu baada ya hapo. Galoni alikuwa amebeba mwingine, yeye alikuja kuaga. Alisema amepata mipango Dammam. Alisimama mlangoni, akizipanga upya kalamu zake nne mfukoni.

"Sasa, Valary," alisema mwishowe. Akatabasamu. "Ungenifaa sana, wewe."

Akaenda zake.

Mkataba ulipoisha sikusaini tena. Cherehani iko dirishani, na ninaposhona naona barabara. Kila Ijumaa Bi Mwanakhamis hunitumia ujumbe wa sauti: Valari mwanangu, hujambo, waendeleaje. Salem na Rita nao huniita hivyohivyo, nami huitika. Sikuwahi kumrekebisha yeyote.

Sijui Frankline alilipata wapi jina lile alilolitaja. Mimi sikumpa. Labda alilisoma kwenye kadi ya kazi niliyoitundika juu ya sinki, siku moja tu, akapita na galoni lake. Wengine walipita mbele ya kadi ile miaka mitatu. Katika watu sitini waliokuwa ukumbini ni yeye mmoja aliyelijua, mwizi, na aliposema niliona furaha ambayo sikuitegemea, kisha nikatikisa kichwa.

Alipatia. Meza ile ilikuwa yake, yote, kwa haki kabisa. Mimi ndiye niliyemtapeli. Naitwa Jepkoech.